Tiketi, Malango na Mashabiki wa Kandanda Katika Nchi Jirani ya Kenya

Mwezi Agosti mwaka 2025 mashabiki wa kandanda nchini Kenya walipata furaha na adhabu kwa mkupuo mmoja. Jumapili ya tarehe 10 timu yao ya taifa, Harambee Stars, iliifunga Morocco bao 1 kwa 0 katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, ingawa ilicheza kipindi kizima cha pili ikiwa na wachezaji kumi. Siku chache baadaye Shirikisho la Kandanda la Afrika, CAF, lilitangaza kwamba katika mechi iliyofuata, dhidi ya Zambia, uwanja huo usiingize watazamaji zaidi ya 27,000, na kwamba watakaoruhusiwa kupita malangoni ni wenye tiketi za elektroniki peke yao. Tiketi za karatasi hazikukubaliwa. Pamoja na hayo ilitolewa faini, na likatolewa onyo kwamba mambo yakirudiwa, mechi za Kenya zingeweza kuhamishiwa mahali pengine.

Kosa lililoleta uamuzi huo halikuwa la wachezaji. Siku ya mechi ya Morocco watu wengi wasiokuwa na tiketi walilivamia lango na kuingia kwa nguvu. Askari walitumia mabomu ya machozi. Watu waliokuwa wamenunua tiketi kwa fedha zao wakajikuta katikati ya msukumano pamoja na wale waliokuja bila kitu mkononi, na wapo waliorudi nyumbani wakiwa na tiketi halali mifukoni wasiuone mchezo hata kwa dakika moja.

Ni muhimu kueleza kwanza mashindano yenyewe yalikuwa yapi, maana bila hivyo mtu aweza kudhani kwamba watu hao walikuwa wakiwakimbilia nyota wa dunia. Hayakuwa hivyo. Mashindano hayo, yajulikanayo kwa kifupi kama CHAN, ni ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao tu. Mchezaji wa Kenya aliyeko Ulaya, hata awe hodari namna gani, hana nafasi humo. Mashindano hayo yaliandaliwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda, nayo yalikuwa yafanyike mwezi Februari, lakini yakaahirishwa hadi Agosti kwa sababu viwanja na matayarisho mengine yalikuwa bado hayajakamilika. Kwa hiyo vijana waliovunja lango la Kasarani walikuwa wakiwania kuwaona vijana wenzao wa Nairobi na Kakamega, watu ambao katika wiki ya kawaida ya ligi huchezea viwanja visivyojaa hata robo.

Mbona basi pakawa na njaa kubwa namna hiyo?

Jibu limo katika miaka michache iliyotangulia. Tangu mwaka 2021 viwanja vya Kenya havikuwa vikitimiza masharti ya CAF kwa mechi za kimataifa. Mwezi Februari 2022 Shirikisho la Kandanda la Dunia, FIFA, likaifungia Kenya kwa sababu ya serikali kuingilia uongozi wa kandanda, na kifungo hicho hakikuondolewa mpaka mwezi Novemba mwaka huo. Kenya iliporudi uwanjani haikuwa na uwanja wa kurudia. Mwaka 2024 mechi zake za nyumbani zilichezwa nje ya nchi, zikiwemo zilizochezwa Malawi na Uganda. Ilipokutana na Cameroon mwezi Oktoba mwaka huo, Kenya ilikuwa mwenyeji katika uwanja wa Namboole, karibu na Kampala. Shabiki wa Kisumu au Mombasa aliyetaka kuiona timu yake "nyumbani" ilimbidi avuke mpaka. Burundi nayo imepata kuonja masaibu ya namna hiyo, ikalazimika kuwa mwenyeji katika nchi za watu. Harambee Stars haikucheza tena mechi ya mashindano Nairobi mpaka mwezi Machi 2025, ilipofungwa na Gabon mabao 2 kwa 1 katika uwanja wa Nyayo.

Timu iliyokosekana kwa zaidi ya miaka mitatu ikirejea, na mara ikaanza kushinda, haishangazi kwamba jiji zima litataka kuingia. Kenya iliifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikatoka sare na Angola, ikaifunga Morocco. Kila matokeo mazuri yaliongeza watu malangoni. Wenye kuandaa waliona idadi ikipanda kutoka mechi moja hadi nyingine, na hapo ndipo lawama ya kweli inapoanzia, kwa kuwa fujo za tarehe 10 hazikutokea ghafla. Mechi ya kwanza, ya tarehe 3, ilikuwa tayari imekwisha kuonyesha dalili.

Katika mjadala uliofuata baadhi ya watu walisema kwamba Wakenya hawana nidhamu. Maneno hayo ni mepesi mno. Watu wale wale husafiri hadi Kampala na Dar es Salaam kutazama kandanda na kurudi bila kuvunja chochote. Yafaa zaidi kutazama namna mtu anavyopata tiketi, na namna anavyopitishwa mlangoni.

Zamani jambo hilo lilikuwa rahisi kulieleza. Palikuwa na kidirisha, karani, na kitabu cha tiketi za karatasi. Shabiki alipanga foleni, akatoa shilingi zake, akachaniwa kipande chake na kuingia. Ubaya wa karatasi ni kwamba inapigwa chapa na mtu yeyote mwenye mashine. Tiketi za bandia zilijaa, na mlinzi wa mlangoni hakuwa na njia ya kutambua kipande cha halali na kipande cha mtaani. Vile vile fedha zilipotea njiani: uwanja ulionekana umefurika, lakini hesabu iliyosomwa jioni ilikuwa ya watu wachache. Klabu nyingi za Afrika Mashariki zilinyonywa kwa njia hii kwa miaka mingi, na wanyonyaji mara nyingi walikuwa ndani ya nyumba.

Tiketi ya elektroniki ilikuja ili kuziba tundu hilo. Shabiki hulipa kwa simu, hupewa alama ambayo mashine ya mlangoni huisoma mara moja tu, na mtu wa pili akija na alama ile ile hukataliwa. Tanzania imekwenda njia hiyo kwa kadi inayopitishwa kwenye mashine za uwanja wa Benjamin Mkapa. Kwa upande wa mapato hakuna shaka kwamba ni maendeleo. Lakini mfumo huo una mahitaji yake. Unahitaji simu yenye uwezo, na si kila shabiki anayo. Unahitaji mtandao ambao haulegei pale watu elfu arobaini wanapofungua simu zao mahali pamoja kwa wakati mmoja. Unahitaji mashine za kutosha, umeme usiokatika, na wafanyakazi wanaojua kuzitumia. Kimoja katika hivyo kikikosekana, foleni husimama. Na foleni ikisimama huku wimbo wa taifa unasikika kutoka ndani, walio nyuma huanza kusukuma bila ya kujua linalotokea mbele.

Hapo yapo mahesabu ambayo wapangaji wa viwanja hutumia, na ambayo hayahitaji elimu kubwa. Kwa mujibu wa mwongozo wa usalama wa viwanja unaofuatwa Uingereza, mlango mmoja wa kuzunguka haupaswi kuhesabiwa kuwa unapitisha zaidi ya watu 660 kwa saa, yaani mtu mmoja kwa kila sekunde tano na nusu hivi. Watu 27,000 wakitaka kuingia katika saa moja ya mwisho, inahitajika milango 41 inayofanya kazi bila kusita. Ikiwa ni milango 20 tu, zinahitajika saa mbili. Hapo ni pale mambo yakienda vizuri. Mtu akifika mlangoni akaanza kuitafuta tiketi katika simu yake, au alama ikakataa kusomeka, akatumia sekunde 15, mlango ule ule hupitisha watu 240 tu kwa saa, na milango 41 haitoshi tena. Zitatakiwa zaidi ya 110. Kwa uwanja wa watu 60,000 kama ule wa Dar es Salaam, hesabu huanzia milango 91.

Tena watu wa miji hii hawafiki mapema. Mfanyakazi hutoka kazini, hupanda matatu au daladala, hukutana na msongamano barabarani, na kufika uwanjani nusu saa kabla ya mpira kuanza. Kumwambia aje saa nne kabla ni shauri jema, lakini ndani ya uwanja hana chakula cha bei yake, hana kivuli, na pengine hana maji. Hana sababu ya kuja mapema isipokuwa ametishwa.

Wajuzi wa mambo haya husema kwamba tiketi isikaguliwe kwenye ukuta wa uwanja bali mbali zaidi, kwenye duara la kwanza, mamia ya hatua kabla ya lango. Asiye na tiketi hurudishwa pale, mahali palipo wazi, ambapo watu wakisukumana hawana ukuta wa kubanwa nao. Anayefika langoni awe ni yule tu ambaye mlango utamkubali. Siku ya mechi ya Morocco watu wa aina zote walifika mpaka langoni, na lango likawa ndilo mahali pa kutenganisha mwenye haki na asiye nayo. Hakuna lango lililojengwa kwa kazi hiyo.

Wakenya wenyewe wanayo kumbukumbu ya gharama ya jambo hili. Tarehe 23 Oktoba 2010, katika uwanja wa Nyayo, mashabiki walisongamana mlangoni wakienda kutazama mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards, na watu saba wakapoteza maisha. Walikwenda kutazama mpira wa ligi. Mjini Yaoundé, tarehe 24 Januari 2022, watu wanane walikufa katika lango la uwanja wa Olembe kabla ya mechi ya Cameroon na Visiwa vya Komoro. Rais wa CAF, Bwana Patrice Motsepe, alieleza kwamba lango lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Wala Tanzania haiwezi kunyoosha kidole. Tarehe 28 Mei 2023, siku Yanga ilipocheza na USM Alger katika fainali ya Kombe la Shirikisho, palitokea msongamano kwenye uwanja wa Benjamin Mkapa, mtu mmoja akafariki na wengine wapatao 30 wakaumia. Katika visa vyote hivi walioumia walikuwa karibu na mlango, na si katika viti. Kwa hiyo CAF ilipoogopa yaliyotokea Kasarani haikuwa ikiogopa kivuli.

Lakini dawa iliyotolewa nayo inastahili kuchunguzwa. Kupunguza watazamaji hadi 27,000 kuna maana kwamba sehemu kubwa ya viti vya Kasarani vilibaki vitupu kwa amri. Tiketi zilipungua, na watu waliozitaka hawakupungua hata kidogo. Kila palipo na upungufu wa namna hiyo, mlanguzi hajikawizi. Kijana mwenye simu tatu hununua tiketi nyingi mapema na kuziuza mtaani kwa bei anayoitaka, na shabiki aliyekuwa kazini wakati mauzo yalipofunguliwa huambiwa kwamba zimekwisha. Faini hutozwa shirikisho, ila anayekosa kiti ni dereva wa bodaboda wa Mathare ambaye hakuvunja lango la mtu.

Lipo pia suala la sauti ya uwanja, jambo ambalo wakubwa wa kandanda hulichukulia kama pambo. Atakayezungumza na mashabiki wa Nairobi atasikia wakilitaja mapema sana, mara nyingi kabla ya bei. Klabu kubwa za Kenya zilijengwa na mashabiki wanaoimba. Wafuasi wa AFC Leopards, klabu iliyoanzishwa mwaka 1964, huja na ngoma za isukuti, ngoma za Waluhya zinazopigwa kwa mikono na kusikika mbali. Gor Mahia, iliyoanzishwa mwaka 1968, ina wafuasi ambao hutembea kwa miguu kutoka mjini hadi uwanjani wakiimba njia nzima. Gor Mahia iliponyakua Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987, kwa kuishinda Esperance ya Tunisia kwa mabao ya ugenini, mechi ya mwisho ilichezwa Nairobi, na wazee wa jiji hilo hadi leo huusimulia zaidi mngurumo wa watu kuliko mabao yenyewe.

Watu hao wa ngoma huketi, au tuseme husimama, katika sehemu ya bei rahisi. Ndio wa kwanza kukosa tiketi zinapopungua, kwa sababu hawana jamaa ofisini wa kuwawekea, wala hawana fedha za mlanguzi. Jukwaa la waheshimiwa hujaa kwa kadi za mwaliko. Waheshimiwa hupiga makofi kwa adabu. Ni watu wazuri, lakini timu iliyobaki na wachezaji kumi haiwezi kusukumwa na makofi ya adabu kwa dakika 45.

Nchini Uganda jambo hilo lilionekana kwa uwazi zaidi. Uganda ilianza mashindano kwa kufungwa na Algeria mabao 3 kwa 0, na uwanja wa Namboole ukapoa. Timu ikafufuka, watu wakarudi, na tarehe 18 Agosti, mbele ya uwanja uliokuwa ukitetema, Uganda ilisawazisha mabao 3 kwa 3 na Afrika Kusini baada ya kuwa nyuma kwa mabao mawili. Yeyote aliyeisikiliza mechi ile redioni alisikia watu kabla ya kumsikia mtangazaji.

Vijana wengi wa Afrika Mashariki hujifunza ushabiki kwenye mabanda ya kuonyesha ligi ya Uingereza, na hupenda kutoa mfano wa huko. Mfano huo una pande mbili. Mwezi Aprili 1989 msongamano ulitokea katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, na watu 97 wakapoteza maisha, wa mwisho wao akifariki mwaka 2021 kutokana na majeraha aliyoyapata siku ile. Taarifa ya Jaji Taylor ya mwaka 1990 ilishauri viwanja vikubwa viwe na viti kwa kila mtazamaji. Usalama uliongezeka sana. Bei nazo ziliongezeka, na mashabiki wa zamani walianza kulalamika kwamba viwanja vimekuwa kimya kama ukumbi wa sinema. Mwezi Februari 2016 maelfu ya mashabiki wa Liverpool walitoka uwanjani katika dakika ya 77 mechi ikiendelea, kupinga mpango wa kuuza tiketi kwa pauni 77. Wenye klabu wakaufuta mpango huo. Tangu mwaka 2022 klabu za ligi kuu za Uingereza zimeruhusiwa tena kuwa na sehemu za kusimama zenye vyuma vya kushikilia. Ujerumani haikuziacha sehemu hizo, na jukwaa la kusini la Borussia Dortmund huchukua watu wapatao 25,000 waliosimama, kwa bei ambayo kijana wa kiwandani aweza kuilipa. Ushahidi upo basi kwamba uwanja waweza kuwa salama na wenye kelele kwa wakati mmoja, mradi walio wengi wasitolewe nje kwa bei wala kwa amri.

Harambee Stars waliifunga Zambia bao 1 kwa 0 mbele ya idadi ile iliyopunguzwa, wakaongoza kundi lao. Tarehe 22 Agosti walitolewa na Madagascar katika robo fainali kwa mikwaju ya penalti, 4 kwa 3, baada ya sare ya bao 1 kwa 1. Siku hiyo hiyo Tanzania ilitolewa na Morocco mjini Dar es Salaam, na siku iliyofuata Uganda ikatolewa na Senegal. Fainali ya tarehe 30 ikachezwa Kasarani bila mwenyeji hata mmoja, Morocco ikiishinda Madagascar mabao 3 kwa 2. Itakuwa si haki kusema kwamba Kenya ilitolewa kwa sababu ya viti vitupu. Penalti hupigwa na mguu. Lakini mashabiki waliobaki nje wana haki ya kuuliza.

Swali lao lina uzito kwa sababu ya jambo lililoamuliwa Cairo mwezi Septemba 2023, pale CAF ilipozipa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Katika mashindano hayo wachezaji wa Ulaya wanaruhusiwa, na mashabiki wa kigeni husafiri kwa wingi. Kwa ajili yake Kenya ilianza mwaka 2024 kujenga uwanja wa Talanta mjini Nairobi, wa watu 60,000. Tanzania ikaanza kujenga Arusha, na Uganda ikajenga Hoima. Hotuba nyingi za uzinduzi zilitaja idadi ya viti. Idadi ya milango, mahali duara la kwanza la ukaguzi litakapowekwa, sehemu ya tiketi zitakazotengwa kwa ajili ya mtu asiye na simu ya kisasa, na saa ambayo malango yatafunguliwa siku ya kazi, mambo hayo yalitajwa kwa nadra sana. Kamati za maandalizi za nchi tatu zina michoro yote mezani, na kila mchoro unaonyesha lango liko wapi na lina upana gani.